Kikohozi cha Pili

Tikiti shilingi mia tatu, na mlangoni
kijana akanigonga muhuri wa pweza mkononi.
Ukumbi wa Tononoka, feni tatu, izungukayo moja,
na jukwaani wana wa watu, thelathini hawajafika,
wamevaa suruali za miguu mipana
kama zile mamangu alizozipiga pasi ya makaa
kila Ijumaa jioni, akilaani pindo.

Wajiita Mkizi Tena.
Mkizi wenyewe, Mkizi Jazi, walivunjika
mwaka niliong'oka meno ya mbele:
wawili walikwenda Uarabuni, mmoja akaokoka,
mwengine akafungua duka la vipuri Makupa
na ukimtajia gita, hukuuzia pleti za breki.
Wa besi alikuwa babangu.

Hawanijui. Nimekaa nyuma, karibu na kreti za soda,
baina ya Bi Mwanakombo, aliyekuja na mto wake wa kukalia,
na mvulana anayenasa kila kitu kwa simu.

Wakaanza. Wallahi, wamejifunza.
Huyu wa solo, Mwakio wanamwita, vidole vyake
vyapita kwenye nyuzi kama mtu ahesabuye
pesa za wenyewe: asizidishe, asipoteze hata senti.

Wimbo wa tatu, katikati, gita likakwama:
ti-ri-ndi, ti-ri-ndi, ti-ri-ndi,
mara tatu, kisha likavuka mbele
kama mtu arukaye mtaro.
Na ukumbi mzima ukaruka nalo!
Wameitungia hatua yake,
mguu wa kushoto, mara tatu, hao.

Nikaziba mdomo kwa kanga.
Hakuna aliyewahi kuipiga hivyo.
Hiyo ni santuri yetu, ya nyumbani Kisauni,
niliyoikwaruza mimi kwa kijiko cha uji
nikiwa na miaka sita, nataka kujua
watu wamekaa wapi mle ndani.
Kakangu ndiye aliyekuja kuinakili, ukubwani,
akaipeleka mtandaoni na kovu lake.
Nyingine haikubaki.
Basi kandambili niliyochapwa siku ile
leo inachezwa na watu mia mbili.

Nilikuwa bado nacheka
walipofika mwisho, pale vyombo vinapozima kimoja kimoja
ikabaki besi peke yake, inatembea,
na kijana wa besi, mwembamba, shati limemshinda mabega,
akageuza uso kando ya kipaza sauti
akakohoa.

Kimoja. Kikavu. Pahala pake hasa.
"Pole, mzee!" ukumbi ukajibu kwa pamoja,
kama waitikiao dua.

Kijana yule mzima wa afya.
Amekisikiliza, akakirudisha, akakisikiliza tena,
akapima kimetoka kooni au kifuani.
Babangu alikitoa kiwanda cha saruji,
zamu ya usiku, miaka kumi na mmoja,
akaingia nacho studio asubuhi, hajalala,
na saa ya studio ilikuwa ghali.
Hawakurudia.

Mapumziko, akaja kwenye kreti, jasho lamtiririka.
"Mama, umependa?"
Nikasema nimependa.
"Kile kikohozi," nikasema.
Akacheka. "Kile! Kilinichukua wiki mbili."

Nikamlipia soda, ya tangawizi, ya baridi.
Alikunywa shingo kaipinda nyuma, koo linapanda linashuka,
koo safi, nami nikaacha.
Nilitaka kumwambia vilikuwa viwili.
Cha kwanza kiliingia kwenye santuri.
Cha pili fundi mitambo alikikata,
nacho tukarudi nacho nyumbani,
kikalala nasi chumba kimoja
hadi Mfungo Sita.